Ngoma za Lamu: Mapigo Mawili Huzaa la Tatu

Mgeni ashukaye chomboni Lamu siku za Maulidi, naye hakuzoea muziki wa pwani, aghalabu husema kwamba asikiacho ni kelele. Zumari yalia kwa njia yake, ngoma ndogo yaenda mbio, ngoma kubwa yavuma polepole, na waimbaji nao hawaonekani kumfuata yeyote. Masikio ya mgeni huyo ni mazima. Ila hakufundishwa kutenganisha sauti hizo na kuzikutanisha tena.

Na aanze na mapigo. Watu wawili waketi barazani, wahesabu pamoja moja hadi sita, polepole na kwa usawa, kisha warudie bila kusita. Wa kwanza apige kofi kwenye moja, tatu na tano. Wa pili apige goti lake kwenye moja na nne. Kila mmoja ana kazi nyepesi ambayo mtoto wa chuoni aiweza. Lakini mtu asimamaye mlangoni hasikii matatu peke yake wala mawili peke yake. Husikia hivi: moja, kimya, tatu, nne, tano, kimya. Mfuatano huo hakuna aliyeupiga. Umezaliwa kati yao. Tena penye kimya, yaani mbili na sita, pana thamani sawa na palipopigwa, maana ajazaye hapo huharibu yote.

Taabu huja baada ya dakika moja. Mkono wa mwenye mapigo mawili huvutwa na wa jirani yake, na mara wote wawili wapiga sawasawa. Hapo wamepatana kabisa, na muziki umekufa.

Hesabu hiyo ya sita ndiyo iliyo chini ya chakacha, ngoma ya wanawake ya arusini ijulikanayo sana Lamu na Mombasa. Chapuo, iliyo ndogo na yenye sauti ya juu, haipigi jambo moja na vumi, yenye sauti nzito kama jina lake lisemavyo. Mpigaji hodari hujulikana kwa kushika fungu lake bila kulionea haya fungu la mwenziwe.

Baada ya mapigo huja msuko wa sauti. Asukaye ukili wa mkeka hujua kwamba miyaa ile ile yaweza kusukwa kwa namna mbalimbali, na sauti ndivyo zilivyo. Mtu mmoja akiimba peke yake, huo ni mwaa mmoja. Kiongozi akitoa na kundi likipokea, msuko ni mwingine. Wasomaji waliosoma shule za misheni wazijua nyimbo za sauti nne, ambamo soprano, alto, tena na besi hutamka neno moja kwa wakati mmoja, kila sauti kwa kimo chake. Mjerumani Johann Sebastian Bach (1685–1750) alisifika kwa ufundi mgumu zaidi: alizipa sauti mbili, tatu au nne kila moja wimbo wake, moja ikipanda nyingine ikishuka, wala hapana iliyo mtumishi wa mwenziwe. Lamu wimbo kwa kawaida ni mmoja, na zumari huupamba tu. Mabishano yale ambayo Bach aliyatia katika nyimbo, watu wa Lamu wameyatia katika ngoma.

Msuko wa sauti waweza hata kugombanisha mji. Zamani Maulidi ya Barzanji yalisomwa Lamu kwa utulivu, msomaji baada ya msomaji, na heshima ya kusoma ilikuwa ya wenye elimu na nasaba. Habib Swaleh, sharifu mzaliwa wa Ngazija, aliyefariki katikati ya miaka ya 1930, alileta Maulidi yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Hadhramaut, yakasomwa kwa qasida, kwa kupokezana, na kwa matari ndani ya Msikiti wa Riyadha, uliojengwa karibu na mwaka 1900. Wako waliokasirika wakasema kwamba ngoma haina mahali msikitini. Hoja yao ya dini haikuwa ndogo, na wanavyuoni wameibishania katika nchi nyingi. Lakini yafaa kutazama jambo jingine lililobadilika siku ile. Asiyejua kusoma kitabu cha Kiarabu aliweza sasa kuitikia qasida, na aliyekuwa mtumwa, au mwana wa mtumwa, aliweza kushika tari na kuwa na fungu ambalo pasipo yeye mapigo yangepungua. Watu wa namna hiyo ndio waliomjaa Habib Swaleh pale Langoni. Maulidi hayo yangali yakisomwa Riyadha kila mwaka, katika Mfungo Sita.

Nje ya msikiti siku hizo huchezwa goma. Wanaume waliovaa kanzu husimama safu, bakora mikononi, nao husogea pole mno, hata mgeni yule hudhani hawaisikii ngoma inayokwenda kasi mbele yao. Na aishike ile hesabu ya sita na kutazama miguu. Ngoma ndogo ikijaza nafasi zote, mguu wa mzee huchagua pigo moja tu, huacha mengine yapite, kisha hukanyaga tena, barabara mahali pake.