Kesi ikirudishwa, mechi inaanza upya

Mashabiki wetu wana haraka. Kamati ya rufaa ikitamka tu kwamba imetengua uamuzi wa chini, vijiwe vya Arusha, kuanzia Kilombero hadi Ngaramtoni, vinashangilia kana kwamba pointi tatu zimeshaingia. Hapana, jamani. Kutengua ni jambo moja, kutoa ushindi ni jingine.

Kumbukeni Afrika Kusini na Senegal. Novemba 2016 Bafana Bafana walishinda 2-1, wakibebwa na penalti ya kushika ambayo haikuwepo. Mpira uligonga goti la Koulibaly. Mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana akafungiwa maisha, CAS ikaibariki adhabu, na FIFA ikafuta matokeo. Lakini Senegal hawakupewa pointi za mezani. Walirudi uwanjani Novemba 2017, wakashinda 2-0 na kukata tiketi ya Urusi. Walitoa jasho kwanza.

Mahakamani ni vilevile, na Arusha mfano tunao mlangoni. Kesi ya ardhi ya vijiji vinne vya Loliondo ilitupwa Septemba 2022 na Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo hapahapa jijini. Novemba 2023 majaji wa rufaa wakatengua, wakaagiza isikilizwe upya. Wanakijiji walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila walikuwa wamerudi mstari wa kuanzia, miaka sita tangu wafungue shauri.

Soka haina miaka sita. Dabi ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile ya mchezo, watu wameshatoka mikoani na tiketi mkononi. Yanga wakakimbilia CAS, na Mei wakaambiwa wamalize kwanza ngazi za ndani. Ngoma ikaja kupigwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, wakati ligi inafunga hesabu.

Hapo hatuwalaumu Yanga peke yao. Klabu inaruka ngazi pale inapokosa imani na ngazi hizo. Bodi ya Ligi na kamati za TFF zinapotoa uamuzi wa aya mbili usio na sababu, zinamwachia nani kazi ya kueleza? Tunataka hukumu zenye sababu zilizoandikwa, pande zote zikiwa zimesikilizwa. Na shauri likirudishwa na ngazi ya juu, tarehe ya kulisikiliza itajwe siku hiyohiyo, siyo hii ya "tutawajulisha".