Kabla ya kuwaambia Stones wastaafu
Mnaosema albamu ya Hackney Diamonds imesafishwa mno studioni, hapo nawaunga mkono: mkono wa mtayarishaji wake, Andrew Watt, unasikika kila mahali. Lakini eti Rolling Stones wangestaafu tu? Hapana jamani! Hii ni albamu yao ya kwanza ya nyimbo walizotunga wenyewe tangu 2005, na ilipotoka mwimbaji wao Mick Jagger alikuwa na miaka 80. Sikilizeni Sweet Sounds of Heaven: Lady Gaga anapokezana na Jagger kuimba, Stevie Wonder yupo kwenye kinanda, unadhani wimbo umekwisha, mara unaibuka upya kwa kishindo. Na mwenzao marehemu Charlie Watts, aliyetutoka 2021, anapiga dramu katika nyimbo mbili. Mimi machozi yalinitoka. Isikilizeni yote, ndipo mhukumu.