Wagonjwa wazee wapimwe nguvu, si miaka tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya namna inavyoamuliwa kwamba mzee mwenye maradhi ya moyo apasuliwe au asipasuliwe. Mimi si daktari, ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Lakini jambo lenyewe halihitaji elimu ya udaktari kulielewa, na kwa kuwa linagusa uhai wa watu naona si haki kulinyamazia.

Mwaka 2023 mjomba wangu, mkulima wa vitunguu, aligunduliwa kwamba kilango kimoja cha moyo wake, kile cha kutolea damu kwenda mwilini, kimekakamaa na hakifunguki sawasawa. Alipewa barua ya rufaa kwenda hospitali moja kubwa. Huko akapigwa picha ya moyo, akatolewa damu, kisha daktari akatazama karatasi, akaona miaka 81, akasema: "Mzee, kwa umri huu kupasua kifua haifai, utatumia vidonge tu." Shauri likaishia hapo.

Sisemi kwamba daktari yule alikosea. Huenda uamuzi wake ulikuwa sahihi kabisa. Ninacholalamikia ni kwamba mjomba alikaa kwenye benchi muda wote, na hakuna aliyemwambia asimame atembee hatua chache, wala aliyemwuliza kwamba huko kwake hufanya kazi gani. Na ile miaka 81 yenyewe ni ya kukadiria. Karani wa kuandikisha alimwuliza wakati wa Uhuru alikuwa mkubwa kiasi gani, naye akajibu kwamba alikuwa akichunga ng'ombe. Basi karani akaandika 1942. Mchunga ng'ombe anaweza kuwa na miaka minane na anaweza kuwa na miaka kumi na minane! Wazee wengi wa vijijini walizaliwa bila cheti, na miaka yao ilipatikana kwa namna hiyo hiyo.

Sasa tutazame upande wa pili. Namfahamu mstaafu mmoja ambaye vyeti vyake vyote vilikuwa safi na umri wake ni miaka 66. Yeye alikubaliwa, na upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kidonda kilipona na moyo ukawa unapiga sawasawa. Lakini mgonjwa hakuinuka tena kitandani. Binti yake aliacha kazi mjini ili aje kumgeuza na kumlisha, na ng'ombe wote waliuzwa. Sisi majirani tulikuwa tumeona kwa mwaka mzima kabla ya hapo kwamba nguo zinampwaya, kwamba hafiki tena barazani, na kwamba kunyanyuka kwenye kiti mpaka ashikwe mkono. Nani alituuliza? Hakuna. Moyo ulipimwa, lakini mwenye moyo hakupimwa.

Wataalamu wa nchi nyingine wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Wanachokitafuta ni ule udhaifu wa mwili unaowapata baadhi ya watu uzeeni, nao hauendi sambamba na idadi ya miaka. Mwili wa binadamu una akiba: nguvu ya misuli, chakula kilichohifadhiwa mwilini, uwezo wa kupambana na homa. Akiba ikipungua mno, mtu anaweza kuendelea kuishi vizuri tu nyumbani kwake, lakini akipata msukosuko mmoja mkubwa anaanguka na hainuki. Na msukosuko gani unaozidi huo wa kukatwa mfupa wa kifua, moyo ukasimamishwa huku mashine ikisukuma damu, kisha mtu akalala kitandani siku kadhaa, na mzee akilala hivyo misuli yake huyeyuka upesi kuliko ya kijana?

Mwaka 2001 Bibi Linda Fried na wenzake wa Marekani waliandika dalili tano za udhaifu huo: kukonda bila kukusudia, kuchoka mara kwa mara, kiganja kisichoweza kukaza, mwendo wa polepole, na kupunguza shughuli. Mwenye dalili tatu au zaidi walimhesabu kuwa dhaifu. Mwaka 2010 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa 131 wa upasuaji wa moyo, wote wenye miaka 70 au zaidi, katika hospitali nne za Kanada na Marekani. Kila mgonjwa aliambiwa atembee mita 5 kwa mwendo wake wa kawaida. Waliotumia sekunde 6 au zaidi walikuwa katika hatari ya kufa au kupata madhara makubwa karibu mara 3 kuliko wenzao. Mita 5, ndugu Mhariri, ni pungufu ya upana wa darasa langu! Kinachotakiwa ni futi ya kupimia na saa.

Mwaka 2017 ukafuata utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 1,020 wenye ugonjwa kama wa mjomba, katika hospitali 14 za Kanada, Marekani na Ufaransa. Vipimo saba vya udhaifu vilishindanishwa. Kilichotabiri vizuri kuliko vyote nani angekufa ndani ya mwaka mmoja kilikuwa na mambo manne tu: kusimama kutoka kwenye kiti mara tano bila kujisukuma kwa mikono, kumbukumbu na akili, wingi wa damu, na kiasi cha protini ya damu iitwayo albumini. Hospitali inayoweza kupasua moyo haiwezi kusema kwamba haina uwezo wa kupima hayo.

Wengine watasema kwamba vipimo hivyo ni vya Wazungu. Ni kweli kwamba havifai kuchukuliwa vilivyo. Kipimo kimoja maarufu kutoka Kanada kinauliza kama mzee anaweza kushughulikia fedha zake na usafiri wake mwenyewe. Bibi wa kijijini ambaye fedha za nyumba hushikwa na mwanawe, na ambaye hajapanda basi miaka mitano, ataonekana dhaifu, kumbe kila asubuhi anabeba ndoo ya maji kupanda mlima. Hata hicho kiti kina shida yake, maana wapo wazee waliozoea mkeka na kigoda. Lakini hatuanzi kutoka sifuri. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wamewapima wazee wa vijijini na kutengeneza kipimo kifupi cha udhaifu kwa ajili ya Tanzania, kinachojulikana kwa jina la B-FIT. Hakikutengenezwa kwa ajili ya upasuaji wa moyo, hilo nalijua. Hata hivyo kinaonyesha kwamba wazee wetu wanaweza kuulizwa maswali yanayolingana na maisha yao.

Kuna hofu moja ambayo naiona ni ya kweli. Kipimo hiki kinaweza kugeuzwa fimbo ya kuwafukuzia wazee. Wakati wa Korona, Machi 2020, Uingereza ilitoa mwongozo wa kutumia kipimo cha udhaifu katika kuamua nani apelekwe chumba cha wagonjwa mahututi, na baada ya siku chache tu ikabidi kuurekebisha, kwa sababu watu wenye ulemavu wa siku zote walikuwa wanahesabiwa kama wazee waliochakaa. Tena, kwa mgonjwa wa moyo, udhaifu wenyewe mara nyingine unaletwa na moyo. Mtu anatembea polepole kwa sababu kilango kimeziba na pumzi haimtoshi. Kikibadilishwa anarudi kutembea. Kwa hiyo mzee akionekana dhaifu, jibu lisiwe "nenda nyumbani". Jibu liwe: je, udhaifu huu unatokana na moyo au na jambo jingine? Je, anaweza kuandaliwa kwanza, akaongezewa damu, akala mayai, maharage na maziwa kwa wiki kadhaa, akafanyishwa mazoezi ya kusimama na kutembea, halafu ndipo apasuliwe? Au, kwa ugonjwa wa kilango, ipo njia ya kupitisha kilango kipya kwenye mshipa wa pajani bila kufungua kifua, kama alivyofanya Dakta Alain Cribier kwa mara ya kwanza kule Rouen, Ufaransa, mwaka 2002? Na kama hakuna hata moja linalofaa, basi mzee na watoto wake waelezwe waziwazi kwa nini, nao waulizwe mzee mwenyewe anataka nini. Yule mstaafu wetu aliambiwa kwamba upasuaji unaweza kumuua. Hakuambiwa kwamba unaweza kumwacha hai asiweze kujilisha. Kwa wazee wengi ninaowajua, hilo la pili ndilo wanaloliogopa zaidi.

Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, upasuaji ambao zamani wengi walilazimika kuufuata India unafanyika hapa nyumbani, nasi wananchi tunajivunia. Wazee watakaofika huko kutoka vijijini watazidi kuongezeka. Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni dogo. Barua ya rufaa ya mgonjwa wa moyo mwenye miaka 60 au zaidi iwe na sehemu ya kujazwa huku huku chini, na mganga wa zahanati akishirikiana na ndugu wa mgonjwa: mzee alikuwa anafanya kazi gani mwaka jana na anafanya gani sasa, amekonda au hakukonda, ameanguka mara ngapi, anasahau watu au hasahau, ametembea mita 5 kwa sekunde ngapi. Sisi tunaoishi nao ndio tunaoyajua hayo. Daktari wa mjini humwona dakika kumi tu, tena akiwa amechoshwa na safari ya basi.

Mjomba bado anameza vidonge vyake. Juma lililopita nilimpima mwenyewe uwanjani kwa saa ya michezo ya shule, akatumia sekunde 5. Ningependa kujua nani atakayeipokea karatasi yenye namba hiyo nikiipeleka, na ataifanyia nini. Wahusika wanasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iramba, Singida.