Ndai ya Syokimau tuliifumbua pamoja

Ndai ni vitendawili vyetu Wakamba. Nilikulia Kibwezi, na jioni moja susu, yaani bibi yetu, alitutega: nyoka mrefu anapumua moto, amelala toka maji haya hadi maji yale, wageni wa ngozi kama nyama mbichi wanabeba moto mfukoni. Binamu yangu akasema nyoka ni treni. Mimi nikataja Wazungu. Mdogo wetu akamalizia: kiberiti! Maji yakatushinda, susu akatufungulia: reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Kisumu ziwani 1901. Wazee wanasimulia kuwa nabii Syokimau aliyatabiri hayo mapema. Wazazi wa Kitui na Makueni, wategeeni watoto ndai, wafumbue kwa pamoja.