Ramani za bahari: Gharama ya uamuzi wa Nairobi

MASUALA ya bahari ya Kenya huamuliwa mbali na maji. Bajeti hupitishwa Bungeni na fedha hutolewa na Wizara ya Fedha katika barabara ya Harambee, katikati ya jiji la Nairobi, takriban kilomita 480 kwa barabara kutoka Mombasa.

Umbali huo una uzito wakati huu ambapo ramani za karatasi, zilizowaongoza manahodha kwa karne kadhaa, zinaelekea kutoweka.

Kati ya 2012 na 2018, kanuni za Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari (IMO) zililazimu meli kubwa, awamu kwa awamu, kuwa na ramani za kielektroniki. Mwaka 2022, Ofisi ya Haidrografia ya Uingereza, ambayo ramani zake hutumiwa pia katika pwani ya Kenya, ilitangaza nia ya kukomesha zile za karatasi kufikia mwisho wa 2026. Baadaye ilisogeza muda huo hadi angalau 2030.

Faida ya mitambo ni bayana. Nahodha huona papo hapo mahali meli yake ilipo, na marekebisho yaliyokuwa yakichorwa kwa kalamu sasa huingizwa kwa muda mfupi.

Hata hivyo, mitambo hiyo hutegemea ishara za setilaiti, ambazo zaweza kuvurugwa. Mei 2025, meli ya makontena ya MSC Antonia ilikwama katika Bahari ya Shamu karibu na Jeddah, na wataalamu wakashuku kuwa ishara zake zilivurugwa.

Isitoshe, ramani ya kielektroniki haiwezi kushinda ubora wa vipimo vilivyomo. Meli ya Wakashio ilipogonga matumbawe nchini Mauritius Julai 25, 2020 na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta, uchunguzi ulibaini kuwa ilisogea pwani ili wafanyakazi wapate mawimbi ya simu, bila ramani yenye maelezo ya kutosha ya eneo hilo.

Ramani iwe ya karatasi au ya kielektroniki, msingi wake ni mmoja: upimaji wa kina cha maji. Mchanga huhama, na mikondo ya kuingilia bandarini huchimbwa upya. Lamu, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, meli kubwa hutumia maji yale yale ya wavuvi wa mashua.

Iwapo Nairobi itanunua mitambo bila kugharimia upimaji, wala kuwafunza mabaharia kutumia dira na alama za nchi kavu mitambo inapozimika, itakuwa imebadilisha chombo na kuiacha hatari palepale. Hasara yake haitaonekana katika barabara ya Harambee. Itaonekana kwanza katika nyavu za mvuvi wa Lamu.