Kundi la D-8: Tupime Ushirikiano kwa Matunda Yake

Tunaposikia kwamba nchi zenye Waislamu wengi zimeungana kiuchumi, baadhi yetu huingiwa na shaka. Hatujasahau mjadala mkali wa mwaka 1993, Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC), kisha ikajitoa. Hata hivyo, Injili inatufundisha kuutambua mti kwa matunda yake, wala si kwa jina lake.

Kundi la D-8, yaani nchi 8 zinazoendelea, lilizinduliwa Istanbul tarehe 15 Juni 1997 kwa juhudi za Necmettin Erbakan, Waziri Mkuu wa Uturuki wa wakati huo. Waasisi wengine ni Bangladesh, Indonesia, Iran, Malaysia, Misri, Nigeria na Pakistan. Azerbaijan ilipokelewa Desemba 2024. Miongoni mwa misingi yake ni ushirikiano badala ya unyonyaji. Hapa tunakumbuka Waraka wa Populorum progressio wa mwaka 1967, ambamo Mtakatifu Paulo VI alifundisha kwamba soko huria peke yake halileti haki pale wenye nguvu wanapokutana na wanyonge.

Matunda, hata hivyo, yamechelewa. Mkataba wa kupunguziana ushuru ulitiwa saini Bali mwaka 2006, ukaanza kutumika mwaka 2011. Hadi leo wanachama huuziana sehemu ndogo tu ya bidhaa zao. Bangladesh na Pakistan, kwa mfano, zote hushona nguo na kugombea wateja wale wale wa Ulaya na Marekani. Undugu wa imani peke yake haufungui soko.

Anayeumia ni maskini, wa dini yoyote. Nafuu ikipatikana nchini Indonesia, humfaa Mkatoliki wa Flores sawa na Mwislamu wa Java. Ikikosekana, njaa hubisha hodi kwa wote wawili. Mkutano wa Cairo wa mwaka 2024 uliwatanguliza vijana na biashara ndogo na za kati. Basi, kipimo cha haki ni hicho: je, mnyonge ameinuliwa?

Kipimo hicho kinatuhusu nasi. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wengi wetu ni Wakristo, lakini malori yangali yakikwama mipakani, na mama mwenye kapu la nyanya bado anasumbuliwa. Ubatizo wetu wa pamoja haujamfungulia njia. Kabla ya kuwashuku jirani zetu, tujihoji wenyewe, kisha tuwaombee viongozi wa pande zote watende wanayoyatia saini.