Kidole kwenye karatasi si mafundisho



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaeleza juu ya malaria, maji safi na chanjo za watoto. Leo nataka tuseme juu ya jambo lingine, na nitalisema wazi. Mafundisho ya usalama tunayowapa watu wa kazi ya kujenga, hasa wale wa kompani za mkataba wanaolipwa kwa siku, hayatoshi. Mara nyingine si mafundisho hata kidogo. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wale waliokosa, na ndiyo sababu naandika.

Sikilizeni kwanza habari hii.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, siku mbili baada ya mvua kubwa. Kompani moja ya mkataba ilikuwa inachimba mfereji wa kupitisha bomba la maji, karibu na jengo jipya. Mfereji ulikwenda chini metre 2 hivi, na upana wake ulitosha mtu mmoja tu. Kijana mmoja alikuwa ameandikwa kazi asubuhi ile ile. Kabla ya saa sita ya mchana, wenzake walimleta kwetu disipanseri, wamembeba juu ya ubao. Udongo ulikuwa umejaa kinywani na puani. Nilifanya yote niliyojifunza kwa shule na kwa kazi. Hakurudi.

Hakuwa na kidonda. Hakuna mfupa uliovunjika. Kaske yake ilikuwa bado kichwani.

Mke wake alifika saa nane na bukari ndani ya sahani, imefungwa kwa kitambaa, maana hakuna mtu aliyekuwa amemwambia.

Kesho yake wakubwa walitafuta karatasi za marehemu. Karatasi ilikuwapo. Iliandikwa kwa Kifaransa kwamba amepata mafundisho ya usalama, na chini yake kulikuwa alama ya kidole gumba. Mafundisho hayo niliyatoa mimi. Nusu saa pale mlangoni, watu 20 wamesimama kwenye jua. Niliwaambia juu ya kaske, boti, glavu, na kutokuja kazini na pombe kichwani. Sehemu kubwa niliisema kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitabu. Juu ya mfereji sikusema neno. Hata sikuuliza kama kati yao wako watakaochimba siku ile.

Wengine pale kambini walisema siku yake ilikuwa imefika. Wengine walisema ni ulozi, maana wenzake wawili walikuwa karibu naye na hawakupata kitu. Ndugu zangu, siwachekei wanaosema hivyo. Kilio kinatafuta mwenye kosa. Lakini udongo ule ulianguka kwa sababu zinazojulikana, na mtu anaweza kuzifundishwa kwa saa moja.

Udongo wetu mwekundu unadanganya. Wakati wa kiangazi unakatwa na jembe, ukuta unasimama wima kama wa matofali. Tunaona vichuguu vimesimama miaka na miaka, tunasema, udongo wa hapa ni wa nguvu. Lakini mvua ikianza, maji yanaingia ndani polepole. Udongo unakuwa mzito na wakati ule ule unalegea. Ukuta unaweza kuonekana mzima asubuhi na kuanguka mchana, wakati jua limerudi na watu wamekwisha kusahau mvua. Mahali palipochimbwa zamani na kujazwa tena ni pabaya zaidi, kwa sababu udongo wake haujashikamana. Kamio ikipita karibu, inautikisa. Na udongo uliotolewa, ukirundikwa kwenye mdomo wa mfereji, unausukuma ukuta.

Metre moja ya udongo, kwa urefu, upana na kimo, ina uzito wa kilo 1.500 hivi, na ukilowa unazidi. Ni kama gari dogo. Mtu akifukiwa hadi kifuani, kichwa chake kikibaki nje, bado anaweza kufa. Kila mara akitoa pumzi, kifua kinapungua na udongo unateremka kujaza nafasi ile. Akitaka kuvuta pumzi tena, kifua hakipati pa kufungukia. Dakika chache zinatosha. Kaske haiwezi kumsaidia.

Basi, kuzuia hatari hii ni jambo gumu? Hapana. Ukuta unalazwa, ama unategemezwa kwa mbao na miti. Ufaransa sheria inataka mfereji mwembamba unaozidi metre 1,30 kwenda chini utegemezwe. Marekani wanaanza kwenye metre 1,50 hivi. Udongo uliotolewa unawekwa mbali na mdomo, si chini ya sentimetre 60. Ngazi inakuwa karibu na mchimbaji. Na kila asubuhi, pia kila baada ya mvua, mtu anayejua anatembea juu, anaangalia mipasuko, kiisha anasema: ingieni, ama: msiingie.

Wazee waliofanya kazi chini ya ardhi, kwa mfano Kipushi, wanalijua jambo hili kuliko mimi. Kule chini, kabla ya kuanza kazi, mwamba unagongwa kwa chuma, sauti yake inasikilizwa, na mawe yaliyolegea yanaangushwa. Hakuna aliyewaambia wazee wale kwamba wanapoteza wakati. Kwa nini basi tukipanda juu, kwenye mfereji wa metre 2, tunajiona tumekwisha kupona? Wafanyakazi wa mgodi wanafundishwa siku nyingi kabla ya kuachiliwa wafanye kazi peke yao. Mjenzi wa siku moja, anayefanya kazi ndani ya uwanja ule ule, anapata nusu saa na wino wa kidole. Mwili wake ni tofauti na wetu?

Najua majibu ya wenye kompani za mkataba, maana nimeyasikia. La kwanza: «Watu hawa wanakuja leo na kuondoka kesho, kuwafundisha ni hasara.» Nawajibu kwa hesabu. Watu 20, saa moja kila mmoja, ni saa 20 za kazi. Aksida ile ilisimamisha shantye nzima kwa siku nne, na watu 20 wa saa 8 kwa siku 4 ni saa 640. Sijahesabu sanduku, kilio, wala mtoto atakayekua bila baba. Tena mtu anayekuja leo ndiye aliye katika hatari zaidi, kwa sababu hajajua mahali, hajajua wenzake, na anaogopa kuuliza asije akarudishwa nyumbani.

La pili: «Masoni wangu ana miaka 15 ya kazi, utamfundisha nini?» Namheshimu masoni huyo. Lakini miaka 15 bila aksida inaweza kuonyesha kwamba anajua, na inaweza pia kuonyesha kwamba mpaka leo ukuta haujamwangukia. Mwache aje afundishe pamoja nasi. Anayejua kweli hakosi la kuwaonyesha vijana.

La tatu: «Sheria inataka karatasi, na karatasi iko.» Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kodi ya kazi ya inchi yetu, ile ya mwaka 2002, inamtaka mwenye kazi alinde afya na usalama wa mfanyakazi, na inataka pawe na kamati ya usalama na afya mahali pa kazi. Mwezi wa sita wa mwaka 2022, Shirika la Kazi la Ulimwengu liliweka kazi salama na yenye afya kati ya haki za msingi za mfanyakazi, haki ambazo kila inchi memba inapaswa kuziheshimu, na Congo ni memba. Karatasi ni ushahidi kwamba kazi ya kufundisha imefanyika. Kama kazi haikufanyika, karatasi ile ni uongo uliopigwa muhuri.

Mimi naona mafundisho ya kweli yanataka mambo haya matano.

1. Yawe kwa lugha ya mfanyakazi. Kama ni Kiswahili, basi Kiswahili. Kama kijana ametoka mbali na anasikia Kiluba ama Kibemba tu, atafutwe wa kumtafsiria.

2. Yafanyike mahali pa kazi, juu ya kazi ya siku ile. Anayechimba afundishwe mfereji. Anayepanda afundishwe jukwaa na ngazi. Anayechanganya simenti aelezwe kwamba simenti yenye maji inaunguza ngozi, na kwamba akikata ama kutoboa beto kavu, vumbi lake linaharibu mapafu kwa ugonjwa usiopona. Kumwagia maji ni sehemu ya kazi.

3. Mfanyakazi aonyeshe kwamba amesikia. Usimwulize: «Umefahamu?» Wote watajibu ndiyo. Mwambie: «Nionyeshe ngazi utaiweka wapi. Nionyeshe udongo utautupa wapi.» Kiisha kuonyesha, ndipo atie kidole.

4. Kapita afundishwe wa kwanza. Ni yeye anayesema ingieni. Kapita asiyejua hatari ya ukuta atawapeleka watu kaburini kwa moyo mzuri kabisa.

5. Kila mtu aambiwe, mbele ya kapita, kwamba ana ruhusa ya kutoka mahali pa hatari. Mkataba namba 167 wa mwaka 1988, wa Shirika la Kazi la Ulimwengu, juu ya kazi ya kujenga, unasema mfanyakazi akiwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba hatari kubwa iko karibu, ana haki ya kutoka, na ana lazima ya kumjulisha mkubwa wake mara moja. Ruhusa ambayo haijasemwa kwa sauti, mtu wa siku hawezi kuitumia. Ana njaa, na nyuma yake mlangoni wako wengine kumi wanaongoja nafasi yake.

Sasa neno kwako, ndugu unayefanya kazi karibu na watu hawa. Ukiona mtu ndani ya mfereji usiotegemezwa, usiseme: «Huyo si wa kompani yetu.» Mwite atoke. Mwite kapita.

Na kama ukuta umekwisha kuanguka, usiruke ndani kwa haraka. Mara mingi ukuta wa pili unaanguka juu ya wanaookoa, na badala ya kilio kimoja vinakuwa viwili. Tuma mtu atuite. Watu na kamio wakae mbali na mdomo. Tegemezeni ukuta kwa mbao zozote mlizo nazo. Kiisha mchimbe kwa mikono na vyombo vidogo karibu na mtu, si kwa mashine wala kwa pikisi. Fungueni kinywa na pua kwanza, halafu kifua. Msimvute kwa nguvu wakati miguu ingali imeshikwa. Na akitoka akisema yeye ni mzima, mleteni disipanseri hata hivyo. Mguu ama paja lililobanwa muda mrefu linaweza kutoa sumu ndani ya damu na kuharibu figo, saa nyingi baada ya mtu kucheka na wenzake.

Mama wa nyumba, hili linakuhusu wewe pia. Mume wako ama mtoto wako akirudi na kazi mpya, usimwulize mshahara tu. Mwulize: «Mnafanya kazi gani kesho? Nani aliwaonyesha?» Akikosa jibu, mwambie akaulize. Tena pale lupangoni, tunapochimba choo ama kisima, ukuta ni wa udongo ule ule. Usimtume mtoto ashuke kuchota udongo. Na watoto wasicheze ndani ya mifereji ya shantye, hata siku ya yenga wakati hakuna kazi.

Kwangu mimi, tangu siku ile nimeacha kusimama mlangoni na kitabu. Asubuhi nauliza kwanza: leo mnafanya nini? Kiisha tunakwenda pamoja mahali penyewe. Inachukua saa moja, mara nyingine saa moja na nusu, na wako wakubwa wanaotazama saa zao. Watazame. Naomba kamati ya usalama ikubali kwamba mtu yeyote wa kompani ya mkataba asiingie kazini bila mafundisho ya namna hii, na kwamba karatasi isiyofuata kazi hiyo isipokelewe.

Karatasi ya kijana yule ningali naikumbuka. Kidole chake kilitoka vizuri, mistari yote ilionekana. Alikikandamiza kwa nguvu, kama mtu aliyetuamini.